Mlima Chini ya Maji

Laiti Nasteha angenyamaza siku ile! Meli iliyokuwa ikipeleka mbuzi Uarabuni ilizama, na kaka yake Ayanle alikuwa baharia humo. Wenzake waliookolewa walimwona mara ya mwisho akielea. Basi Nasteha, msomi wa bahari katika mji wa Garissa usio na bahari, akafungua kompyuta, akatazama picha za setilaiti, akamwambia baba yao: "Aabo, maji pale yanazunguka kama kisulisuli, na kisulisuli chenyewe kinaelekea pwani. Siku kumi tu kitamleta, hai au maiti."

Mzee Ogle hakutaka kusikia kingine. Akashuka Kiunga, akawa anapita ufukweni kila asubuhi akikagua mchanga, vile anavyofuata nyayo za ngamia aliyepotea. Maskini, yeye maji anayoyajua ni ya mto Tana, na Tana humtoa mtu wake penye kona. Masheikh wakamshauri wamsalie kijana asiyeonekana. Akakataa katakata. Huku nyumbani Hinda, mke wa Ayanle, hakujua kama ni mke au mjane.

Siku ya arobaini na tatu mzee alirudi, miguu imechubuka. Hinda alimletea chai. Nasteha akaketi mbele yake mkekani.

"Aabo, nilikosea. Nilitazama maji ya juu, nikasahau sakafu ya bahari. Huko chini kuna mlima. Kisulisuli kilipofika juu yake kilinasa. Kinazunguka palepale mpaka leo."

"Mlima gani? Mbona watu wa Kiunga hawakuniambia?"

"Hauonekani. Kilele chake kiko chini sana."

"Sasa maji ya juu yanaujuaje?"

"Yanazunguka pamoja na ya chini, Aabo. Ya chini yakizuiliwa, ya juu nayo hayaendi."

Mzee alilia waziwazi, kilemba mkononi. "Wallahi nilikuwa nangoja mahali ambapo hangefika," alisema. Kisha akaagiza sheikh aitwe, wasali baada ya alasiri. Nasteha alishukuru Mungu kimoyomoyo kwamba hakumgombeza.

Hinda hakuwa amesogea. Aliweka birika chini.

"Wifi," akasema polepole, "eda yangu niihesabu tangu siku gani? Wewe ndiye unayejua. Alizunguka pale siku ngapi akiwa hai, sisi tukimngoja pwani?"