Ushahidi wa Kaptula

Usiku wa kuamkia Jumamosi niliota nimesimamishwa kwenye mizani ya malori, mimi na baiskeli yangu.

Kwanza mnijue. Mimi ni Kalolo, muuza mbao wa Iringa, miaka arobaini na mbili, na nilianza kuendesha baiskeli za mbio mwaka huu baada ya suruali zangu kunikataa kiunoni. Mwezi uliopita nilimwahidi Shangazi Bertila, dada wa baba aliyenilea, kwamba nitakwenda kumwona Mafinga kwa baiskeli. Akapika, akangoja. Mimi nikageuzia Ifunda, karibu nusu ya njia, nikampigia simu kwamba nimepata pancha. Haikuwa pancha. Jumamosi hii nilikuwa narudia safari, na nililala simu ikiwa juu ya mto wa kulalia iniamshe, lakini moyo haukutulia.

Sasa ndoto yenyewe.

Ni asubuhi, na baridi ya Iringa inang'ata masikio. Foleni ya malori ni ndefu, nami nimo katikati yake. Anayepima ni kiti cha baiskeli. Kimevaa kizibao chenye mistari ya kung'aa na kimeshika kalamu, ingawa mikono sikuiona. Hilo halikunishangaza. Nilichojiuliza ni kwa nini kilikuwa kipana kuliko changu.

"Umevaa nini?" kinauliza.

Nikajibu nilivyofundishwa na wenzangu wa klabu: asubuhi ya baridi unajivika nguo nyepesi nyingi, jua likipanda unapunguza moja moja. Kiti kikasema vizuri, kikaanza kunimenya. Kumbe nilikuwa nimevaa maganda ya kitunguu. Kila ganda likitoka, madereva wanafuta machozi, na mmoja wa lori la nguzo akaniambia hajalia hivi tangu msiba wa mkwewe. Nikampa pole. Jua nalo lilikuwa likipanda hatua moja kwa kila ganda, likasimama tulipofika la mwisho.

Nikaambiwa nipandishe mzigo. Nikapandisha, barabara ikainama.

Nilikuwa nimefunga begi zima upande wa kulia wa keria, na kumbe ile kanuni ya kugawa mzigo pande mbili si mzaha. Lami yote ikalala kulia, malori yakaegemeana, na mbuzi wa mtu akateleza mbele yangu bila kusogeza mguu. Alinitazama mpaka akapotea.

Kiti kikaamuru kila kitu kijieleze. Suruali ya jinsi ikatoka kwanza, ikasema imekuja ili shangazi aone kwamba mtu amefanikiwa. Ikaulizwa ikilowa itakauka lini. Ikafikiri, ikasema Jumatatu. Ikaambiwa ikae pembeni, nayo ikajikunja yenyewe mara nne, mguu juu ya mguu. Mwavuli ukakiri kwamba haujawahi kufunguliwa na mtu anayeendesha baiskeli na hautaki kuanza leo. Viatu vya ngozi vikaifuata suruali pembeni. Koti jepesi la mvua, tyubu ya akiba na maji vikapita. Mchele kilo mbili nao ukapita, maana kwa shangazi mtu haendi mikono mitupu. Ukagawanywa kilo kwa kilo, na barabara ikanyooka.

Lakini mshale wa mizani haukushuka. Begi karibu tupu, na bado unasoma kilo arobaini.

Kiti kikaniambia kuna kitu sijatoa. Nikasema sina. Hapo tairi la mbele likaomba ruhusa ya kuongea. Likasema halijawahi kupata pancha tangu litoke dukani, na kwamba mwezi mzima sasa linasingiziwa mpaka Mafinga. Mshale ukapanda mpaka sitini.

Ndipo ikasimama kaptula yangu ya kubana, ile yenye sponji makalioni. Ilizungumza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza.

"Nilishonwa nikae kwenye ngozi, bila kitu katikati," ikasema. "Siku ile alivaa chupi ndani yangu. Mshono wa chupi ukamchubua tangu mjini hadi Ifunda. Niliona yote."

Nikajitetea. Mimi nimelelewa jamani. Utotoni shangazi alitupanga mstari kila Jumapili, akatukagua kabla ya kwenda kanisani. Mtu mzima atatokaje nyumbani bila chupi?

Nilipogeuka, mizani haikuwepo tena. Tuko jikoni kwa shangazi. Mshale uko ukutani juu ya jiko la mkaa, na mezani kuna sahani yangu, imefunikwa kwa sahani nyingine. Imefunikwa tangu mwezi uliopita. Nikaona aibu, halafu nikamhurumia shangazi.

Kiti kikanipa kipaza sauti. Kikasema uongo unaachwa hapa, haupandi barabarani.

"Shangazi," nikasema, "haikuwa pancha. Nilivaa chupi ndani ya kaptula, ikanichubua makalio, nikashindwa kukaa. Nikaona haya kufika kwako natembea kama bata. Nisamehe."

Mshale ukashuka mpaka sifuri, nami nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Juu ya stuli suruali yangu ya jinsi ilikuwa imekunjwa mara nne, mguu juu ya mguu. Mimi sikunji nguo, muulizeni yeyote anayenijua. Nikaitafuta simu nione saa, nikaikuta chini ya shavu langu. Ilikuwa hewani, dakika ya saba, jina Shangazi Bertila.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Ungekuja tu hivyo hivyo kama bata. Hayo makalio ni mimi niliyeyaogesha."

Nikamwambia leo nafika. Akasema chakula kitakuwa tayari saa saba, na safari hii hafuniki sahani.

"Na hiyo chupi," akasema, "iache huko huko Iringa."

Nikaiacha.