Jina Alilolitafuta Maabara

Fundi wa kompyuta, ambaye dada yake alizoea kumwita Waya, alipewa kazi ya kuunganisha zahanati moja na kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa, ya maabara iliyokuwa ng'ambo ya mji. Asubuhi nzima kompyuta ya kule ilimgomea. Aliandika anwani, akaandika nywila, ikamkataa kama mlinzi asiyemjua. Mara ya tano akampigia simu mkuu wa maabara, mama mkali kama pilipili.

"Mama, umeiruhusu kompyuta yangu ipite?"

"Loo! Nimesahau. Haya, jaribu sasa. Ila tafuta lile jina la mgonjwa wa uongo nililokupa la kujaribia, basi. Ulitia saini kwamba hutafungua la mtu mwingine, kumbuka."

"Nakumbuka, mama."

Safari hii ikafunguka. Akaandika lile jina la uongo, taarifa zikaja sawasawa. Kazi ilikuwa imekwisha. Angefunga na kwenda zake. Lakini dada yake alikuwa amepimwa uvimbe wa titi katika maabara hiyo hiyo wiki iliyopita, na majibu yalikuwa hayajaja. Akaangaza macho huku na huku, akaandika jina la dada.

Saratani. Chini yake mtu alikuwa ameandika: "Aje haraka. Amepigiwa mara mbili, hapatikani." Namba iliyobaki kwenye faili lake ilikuwa ile ya zamani, ya simu ya dada iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji mwezi uliopita.

Jioni alikwenda kula kwa dada, kama kila Jumatatu. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

"Waya, hawajapiga!" dada alimpokea akicheka. "Wangekuwa na neno wangeshapiga. Mimi na huu ugumu wangu, ugonjwa utanianzia wapi?"

Waya akamega tonge jingine. Akisema, ataulizwa amejuaje, na kazi itaota mbawa. Akajiambia watampata tu. Jumanne akajiambia hivyo, na Jumatano pia, huku roho ikimsuta hata akawa haambiliki kazini.

Alhamisi alimkuta dada akifunga begi, aende kukaa mwezi mzima kwa shangazi yao. Waya akalikalia lile begi.

"Toka, utanikunjia nguo."

"Dada, majibu yametoka."

Akamweleza yote, macho sakafuni. Dada hakulia. Aliuliza neno moja tu.

"Lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ulikula hapa." Akaiweka chini nguo aliyoishika. "Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Na wewe unanitazama tu."

"Niliogopa kufukuzwa kazi."

"Kazi," dada alisema taratibu. "Haya. Nipeleke maabara."

Mkuu wa maabara alimsikiliza Waya mpaka mwisho, kisha akaifuta nywila yake hapo hapo mbele yake.

"Kuchungulia ningekukaripia, yakaisha," alisema. "Lakini kuona kwamba mgonjwa hapatikani, namba yake unayo, ukakaa kimya? Hapana, mwanangu. Nenda."

Matibabu yakaanza wiki iliyofuata. Daktari aliwaambia kwamba siku hizo tatu hazikuharibu kitu. Dada akashukuru.

Kila siku ya dawa Waya alimsindikiza dada, akamngoja kwenye benchi la nje. Dada alipotoka, miguu ikiwa haina nguvu, alimshika Waya bega akaegemea kwa uzito wake wote, wakatembea hivyo mpaka nyumbani.