Chungu cha Pumba cha Kinuyo

Korona ilipomtoka binti yangu Kinuyo, ilimwachia mapafu magumu kama sponji kuukuu. Miezi mitatu mashine ilimpumulia hospitalini Kyoto. Madaktari wakasema hatapona asipopandikizwa mapafu mengine. Kungoja ya marehemu kungechukua miaka, ila ndugu wazima wangeweza kumpa kipande kipande.

"Chukueni langu," nikasema.

Daktari aliinamisha kichwa. "Bibi, kwa miaka sabini na sita, lako libaki likufae mwenyewe."

Shigeki, mume wa Kinuyo, akatoa kipande; Naoya, mdogo wake Kinuyo, akatoa kingine. Mimi nikabaki na chungu.

Ni chungu cha pumba za mchele, tunachochachushia matango. Kinuyo alikirithi kwa mama yangu. Kisipokorogwa kwa mkono kila siku, huoza. Nilikikoroga kila asubuhi, nikijiambia kuwa kikiwa hai, naye atakuwa hai.

Siku aliyorudi nyumbani, niliweka matango mezani. Shigeki akainuka haraka, akajishika ubavuni palipo na kovu.

"Mama," akasema taratibu, "vya kuchachusha nyumbani vimekatazwa. Ukungu ukiingia kwenye mapafu mapya, tunampoteza."

Chungu kilikuwa hatua mbili tu kutoka alipoketi Kinuyo.

Shigeki hakunilaumu. Alifunika sahani, akafungua madirisha, akanimiminia chai. Kinuyo alikuwa akitazama vidole vyangu.

"Ulikikoroga siku zote hizo, Mama?"

"Zote."

Nikavaa barakoa, nikakifunga chungu kwa kitambaa, nikakipeleka kwa jirani yetu Tokie. Nilimkuta anapika, lakini alizima jiko, akapandisha mikono ya nguo na kuanza kukoroga papo hapo, hata kabla sijamaliza kueleza.

Asubuhi iliyofuata alisimama nje ya lango letu.

"Kinuyo! Chungu chako kinanuka soksi za mumeo! Kizima kabisa!"

Kinuyo akacheka.

"Polepole," Shigeki akasema, "unamaliza pumzi yangu."

"Hii ni ya Naoya. Yako nimeiweka ya kukufokea."

Akacheka tena. Kabla ya upasuaji, maneno mawili tu yalimkata pumzi. Nikaacha juu ya meza kitambaa nilichokuwa nikifutia vyombo, nikasikiliza kile kicheko mpaka kilipoisha chenyewe.