Haki ya Njia Kapng'enda

Alhamisi moja ya mwaka 1956, saa nne asubuhi, Halmashauri ya Mji wa Kapng'enda ilikuwa imefikia ajenda ya tatu, mbwa wasio na leseni, ng'ombe kumi na wanne walipoingia kwa mlango wa mbele. Walipita kati ya meza na ukuta, wakatoka kwa dirisha la nyuma bila kuvunja kioo. Karani Kiplangat alinyanyua chupa ya wino isije ikamwagika, kisha akaandika saa waliyopita.

"Hii ng'ombe ya nani?" akauliza mwenyekiti, Mzungu mwenye mashamba ya pareto.

Hakuna aliyejua. Askari Owino aliwafuata hadi penye udongo wa chumvi nyuma ya posta, akawakuta wakilamba. Alirudi akasema hawana alama wala kivuli. Akaamriwa awafungie. Aliwafungia Alhamisi tatu mfululizo, na mara tatu walipita katikati ya mbao za zizi wakaenda zao. Mwenye nguvu mpishe. Kufikia mwezi wa pili, wajumbe walikuwa wakivuta viti vyao ifikapo saa nne kasoro dakika tano, na habari ya mbwa ikaendelea.

Kiplangat alikuwa na jambo jingine lililomnyima raha. Mji ulikuwa unatimiza miaka ishirini na tano, naye ndiye aliyeagizwa kuandika historia yake. Mstari wa kwanza alisomewa na mwenyekiti mwenyewe: kabla ya mji hapakuwa na mtu. Aliuandika mara nne, akauchana mara nne. Wakati huohuo likabandikwa tangazo kwamba asiye na kibarua mjini ataondolewa, isipokuwa atakayethibitisha kuwa aliishi hapo kabla ya mji. Mama yake, Chepkosgei, hakuwa na kibarua. Aliolewa hapo akazalia hapo, lakini hakuna aliyempa risiti.

Alhamisi iliyofuata Kiplangat alimleta ofisini, akamkalisha kwenye benchi. Ng'ombe walipoingia, yule wa mbele alisimama akamlamba kiganja.

"Huyu ni Lelgut wetu," Chepkosgei akamwambia mwenyekiti. "Walikufa wote karantini, mwaka ule mlitutoa. Njia yao ya kwenda chumvi ilikuwa hapahapa, kabla ya hii nyumba yenu."

Kiplangat alifurahi. Ushahidi ulikuwa umejaa chumba, unapumua.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwenyekiti yule aliiheshimu sheria. Aliagiza kitabu, akasoma polepole kidole kikiwa kwenye mstari.

"Njia ni ya zamani kushinda mji," akasema. "Ng'ombe iko na haki ya kupita."

Wajumbe wakainua mikono.

"Na mama, bwana?" akauliza Kiplangat.

"Mama iko na barua?"

Hakuwa nayo. Ng'ombe hawakuulizwa barua. Kiplangat aliona aibu, kisha hasira, na vyote viwili akaviandika kama "hakuna mengineyo". Historia ilipigwa chapa, mstari wake wa kwanza ukiwa uleule wa mwenyekiti.

Lori lilikuja Alhamisi, kuwapeleka watu kumi na wawili upande wa Molo. Kiplangat alimpandisha mama yake mwenyewe, akampa blanketi na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Akamwambia ataacha kazi, waende pamoja.

"Usiache," akasema Chepkosgei. "Nani atawafungulia ng'ombe mlango?"

Lori lilifika kona ya posta saa nne. Owino akainua mkono, likasimama, maana sheria mpya ilikuwa imebandikwa pale. Ng'ombe wakavuka mbele yake bila haraka. Chepkosgei, akiwa ameshikilia ubao wa lori, aliwaita kwa majina mmojammoja, na kila aliyeitwa alisimama kidogo akamtazama. Dereva alizima injini. Ilichukua robo saa. Alipovuka wa mwisho, Owino akashusha mkono, na lori likaondoka na Chepkosgei.