Tangazo Lililoishia Kwenye Salamu

Apolinaria hakuwa mtu wa kujidharau. Alipoamua kwamba matobolwa ya Kaliua yatauzwa kwenye pakiti zenye jina, alichora nembo mwenyewe, akaandika "Matobolwa ya Mama Mektilda" kwa herufi nono, wala hakumwomba mtu ushauri. Mektilda ni mama mkwe wake, na katika kuchemsha viazi vitamu, kuvikata na kuvianika mpaka vikabaki utamu mtupu, hakuwa na mpinzani pale mtaani.

Shida ilikuwa wanunuzi. Miaka yote Adinani, mfanyabiashara wa Tabora mjini, alikuja na lori akabeba magunia, na huko mbele ya safari matobolwa yakauzwa bila jina la mtu. Wanawake wa kikundi chao cha kuanika viazi walishasema wazi: pakiti zisipopata wateja kabla Adinani hajafika, zitafunguliwa na kumiminwa kwenye magunia. Jambo hilo lilimkera Apolinaria kuliko alivyoonyesha. Jasho lao wenyewe, halafu lisiwe na mwenyewe?

Akashika simu. Video fupi ndiyo dawa, alisema. Watu wa siku hizi ukiwachelewesha kidogo tu, kidole kimeshapita. Akamkalisha Mektilda uani, nyuma yake kichanja kimejaa matobolwa, akamfundisha la kusema: "Matamu bila sukari, piga namba hii."

"Tayari, mama. Sema."

Mektilda akaitazama simu, akapiga makofi taratibu kama anavyompokea mgeni. "Mwangaluka! Mmeamkaje huko? Wazee hawajambo? Watoto wamekula? Na yule aliyekuwa anaumwa, amepata nafuu?"

Muda ukaisha. Neno matobolwa halikutajwa.

"Mama, tuanze na bidhaa. Salamu tuziache."

"Mama Emilian," Mektilda alimwita mkwewe kwa jina la mjukuu, "niwaambie watu wanunue hata sijawajulia hali? Watasema nimelelewa wapi?"

Wakarudia, wakarudia tena. Kila mara salamu zilikula video nzima. Apolinaria akajaribu kuzikata. Akabaki Mektilda aliyekaza macho, akitaja namba ya simu kama anayegombeza watoto. Festo, mume wa Apolinaria, alichungulia akacheka mpaka akashika ukuta. "Tafuteni msichana acheze muziki, mambo yaishe."

Apolinaria akapandwa na hasira, na hasira ya Apolinaria huwa inazaa kazi. Akachukua ile video ya kwanza, yenye salamu tupu, akairusha mtandaoni kama ilivyo. Chini yake akaandika jina lililo kwenye pakiti na kwamba pakiti zinauzwa, basi.

Kufikia mchana watu walikuwa wanaitikia. "Shikamoo mama, tumeamka salama." "Mtoto amepona, asante kwa kuuliza." Dereva mmoja wa Mwanza alieleza habari za ukoo mzima. Kisha mwanamke wa Dar es Salaam akaandika: "Tangu nihamie huku hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Nitumie pakiti, hata kama sijui matobolwa ni nini."

Apolinaria alisoma kwa sauti. Mektilda akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Muulize jina lake," alisema, "na umwambie aloweke kwenye chai kama meno yamelegea."

Wakarekodi jibu, na safari hii matobolwa yakatajwa, kwa kuwa waliulizwa. Maagizo yakaanza kuingia, kutoka Mwanza, kutoka Dodoma, mpaka wanawake wa kikundi wakaacha kunong'ona habari za magunia.

Adinani alipofika, kikundi kizima kilikuwa uani. Akamwamkia Mektilda, akaitikiwa, akauliza magunia yako wapi apakie. Katika nyumba ile mkwe hakai mbele ya wageni, na msemaji wa mzigo siku zote alikuwa Mektilda. Apolinaria alikuwa mlangoni anafunga pakiti, kichwa chini, masikio wazi.

"Hilo mimi silijibu," Mektilda alisema. "Mama Emilian, njoo mbele uzungumze na mgeni. Mzigo ni wako kuusemea."

Apolinaria akasimama, akajipangusa mikono. Furaha ilimjaa, lakini sauti ilitoka imenyooka.

"Gunia mwaka huu hakuna, baba. Lori lako tunalihitaji, ila litabeba pakiti, na jina letu likiwa juu."

Adinani akawatazama wale wanawake mmoja mmoja. Hakuna aliyepepesa macho. Akageuka, akaenda kufungua lori nyuma.