Gitaa Lililotaka Kimya

Mwaka wa 1956, Danson Mwandawiro, karani wa reli mjini Voi, alikuwa mtu pekee pale aliyepiga gitaa kwa kusoma noti. Alifundishwa na karani mmoja Mgoa, ambaye baadaye alihamishiwa Kisumu. Muziki wenyewe ulikuwa wa Ulaya ya zamani, wa taratibu, usio na maneno. Kila Jumamosi alasiri aliupiga katika ukumbi wa wafanyakazi, na mwanzoni viti vilijaa. Kisha Musyimi akaja na bendi yake ya dansi, na watu wakamhama Danson mmoja mmoja. Alibaki na mwanafunzi mmoja tu, Wakio, mwalimu wa shule huko Bura.

"Ndugu yangu," Mutiso, mwenyekiti wa ukumbi, alimwambia, "leo nikiona viti vitupu tena, Jumamosi zote ni za Musyimi. Wewe utawapigia mbuzi wako nyumbani."

"Mbuzi wangu wana adabu ya kusikiliza," Danson alijibu. Lakini hakuwa na raha. Bila ukumbi, muziki ule ungekufa Voi, na hakuna ambaye angeuulizia.

Wakio alikwenda sokoni akawaleta jamaa zake wa milimani, waliokuwa wamemaliza kuuza mboga. Mbele kabisa aliketi nyanya yake, Tryphena, kikapu miguuni.

"Nyamazeni mpaka nimalize," Danson aliwaonya, kama alivyofunzwa na yule Mgoa. Akaanza. Alipofika penye pumziko la kwanza, mahali pa gitaa kunyamaza kidogo, Tryphena akaitikia, "Eee!"

Danson akasimamisha vidole. "Nyanya, nimeomba kimya."

"Kimya cha nini? Umesema neno zuri, nikakuitikia. Ama unataka tukae kama watu wanaongoja hukumu?"

Watu wakacheka. Wawili wakainuka na kubeba vikapu vyao. Wa tatu akafuata. Pale mlangoni, Mutiso akatikisa kichwa.

"Mwalimu," Wakio akanong'ona, "umesahau desturi ya nyumbani kwetu? Mtu akisema asiitikiwe, ajue amechukiza. Waache."

Danson aliitazama karatasi ya noti. Kila pumziko lilikuwa pale, limeandikwa wazi, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba wasikilizaji wafunge midomo. Akaanza upya. Safari hii, penye pumziko, alikawia kidogo akamtazama Tryphena.

"Eee! Endelea, baba!"

Akaendelea. Wenye vikapu wakavitua. Pumziko la tatu liliitikiwa na ukumbi mzima, na wachuuzi wa nje wakaingia kuona kuna hadithi gani inayosimuliwa. Musyimi naye akachungulia dirishani.

"Sasa muziki huu mtu anauchezaje?"

"Njoo ukae, kijana," Tryphena akamwambia. "Hiyo miguu yako nayo ipumzike."

Muziki ulipokwisha, Mutiso alipenya katikati ya watu, jasho likimtoka.

"Jumamosi ijayo uanze saa nane, Musyimi atakufuata," alisema. "Na utafute muziki mrefu kidogo, bwana. Huu umeisha watu bado wanaingia."