Laini Haikatwi

Wazazi mia mbili walimpigia makofi Bi Sauti hadi viti vikatikisika, naye akarudi kukaa akiona raha, jamani, raha ya mtu aliyesema lake likasikika. Hoja pale ukumbi wa shule Jumamosi hiyo asubuhi ilikuwa moja tu: michezo ya simu inawaharibu watoto au haiwaharibu? Mwalimu wa hesabu alisema haiwaharibu, mbona yeye kakulia kwenye karata na hajawa mwizi, watu wakacheka. Daktari mmoja akasema wataalamu wenyewe hawajakubaliana, wapo wanaodhurika na wapo wasiodhurika, kwa hiyo tusiwe na pupa, kila mzazi amtazame wake. Lakini nani ana subira na daktari asiye na pupa? Akasimama Bi Sauti.

Jina hilo alipewa kazini. Mwaka wa kumi na tisa huu anapokea simu za dharura. Anakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, vifaa masikioni, na mtu ambaye nyumba yake inaungua, au mke wake anajifungua njiani, akiisikia sauti ile nzito ya upole hushusha pumzi. Kwa sauti hiyohiyo aliwasimulia wazazi habari za bintiye wa miaka kumi na sita: mtoto aliyekuwa na maneno, sasa hasemi. Anakula chumbani. Kutwa yuko kwenye mchezo wa kujenga miji na kupigana na mazimwi, anacheka na watu asiowajua.

"Alhamisi nilimnyang'anya simu," akawaambia. "Siku ile alilia. Jana hakulia. Mtoto wangu amerudi."

Hapo ndipo makofi yalipolipuka. Ikapigwa kura ya mikono, na karibu ukumbi mzima ukakubali kwamba kila mzazi amnyang'anye mwanawe simu kuanzia leo hii.

Simu yenyewe alikuwa nayo mkobani. Nyumbani asingeiacha, ingeibwa na mwenyewe. Mwenyekiti alipokuwa anashukuru wageni, ikaanza kutetema mapajani mwake, mara moja, mara mbili, mara tatu. Akaitoa aizime. Kwenye kioo palikuwa na ujumbe kutoka kwa mtu anayejiita Kisiki.

"Chiriku uko wapi, siku ya tatu leo."

"Chiriku jibu hata neno moja."

"Usifanye ulilosema. Nakuomba."

Alisoma. Akarudia ule wa tatu. Chiriku nani? Kwake hakuna chiriku, kuna bubu anayejibu "ndiyo" na "hapana" akiwa ametazama ukuta. Akainuka, akawakanyaga watu vidole bila hata kusema samahani, akatoka ukumbini hadi kwenye varanda ya madarasa. Akaandika kama vile ndiye binti: nipo, kwani nilisema nini?

"Wewe si Chiriku," likaja jibu. "Chiriku angeanza kwa kunitukana."

Sasa afanyeje? Akiendelea kudanganya, atakimbiwa. Akisema kweli, atakimbiwa vilevile. Akapiga moyo konde, akaandika kwamba yeye ni mama yake.

Kimya. Bi Sauti anakijua kimya. Mara ngapi amekaa na laini isiyosema kitu, anasikiliza pumzi tu? Lakini kile hakikuwa na pumzi. Kisha maneno yakaja kwa mkupuo.

"Shikamoo mama. Tafadhali usimpige. Tangu mwezi uliopita anasema hataki kuiona kesho. Tuko wanne tumepanga zamu. Mmoja wetu akizidiwa, mwingine anakaa naye mchezoni, anamwongelesha, hatoki mpaka mwenzake apitiwe na usingizi. Tulimwambia akuambie. Akasema wewe kutwa unasikiliza wenye shida, ukirudi nyumbani umechoka."

Mganga hajigangi, na wahenga walilijua hilo kabla simu hazijabuniwa. Kazini kwao kuna sheria moja iliyo juu ya zote, mgeni hufundishwa siku ya kwanza kabla hata hajaonyeshwa choo: laini haikatwi. Utukanwe, magari yaishe, chai yako ipoe, maadamu upande wa pili kuna mtu, hukati. Watoto wanne ambao hakuna aliyewafundisha walikuwa wameishika laini hiyo mwezi mzima. Na Alhamisi, kwa mkono wake mwenyewe, akijiona mzazi bora, Bi Sauti aliikata. Asubuhi hii alimwacha binti kitandani, mtulivu kabisa, akamfunika shuka akamshukuru Mungu. Utulivu ule! Yeye wa kudanganywa na utulivu, yeye ambaye huwaambia wanagenzi kila mwaka kwamba anayepiga kelele ana nguvu bado, wa kuogopwa ni aliyenyamaza.

Akauliza: akizidiwa huwa anakwenda wapi?

"Paani kwenu. Mnakoanika nguo."

Akakimbia. Akiwa anakimbia akaipiga namba ileile anayoipokea kila siku, kwa simu yake mwenyewe. Akajibu mwenzake, dada mdogo wa zamu ya asubuhi, akamuuliza yuko wapi. Bi Sauti akafungua kinywa, jina la mtaa wake halipo. Limefutika. Amekaa pale miaka kumi na moja.

"Ni mimi," akasema. "Mwanangu. Yuko juu ya paa."

Sauti ilikuwa imepasuka, lakini mwenzake aliijua, na kwake alikuwa amekula mara nyingi, anapajua. Akamwambia gari limetoka. Akamwambia asikate.

Mitaa sita. Kiatu kimoja kilibaki njiani na hajui wapi. Ghorofa nne za ngazi, anaomba Mungu vipande vipande: asinijibu vizuri, anijibu vibaya tu, anitukane, anijibu tu.

Nguo za majirani zilikuwa zimeanikwa zimejaa. Akapenya katikati ya mashuka mabichi, na kule mwisho akamwona binti, ameketi juu ya ukuta mfupi wa ukingoni, amempa mgongo.

Sasa ajabu ni hii. Ujuzi wote wa Bi Sauti ulikuwa unaishia hapo. Kazi yake ni kusema msaada unakuja. Wa kupanda ngazi ni wengine. Miaka kumi na tisa, hajawahi hata siku moja kufika. Akazitafuta zile sentensi zake nzuri, hakuna. Ile sauti iliyopigiwa makofi haikutoka. Kilichotoka ni kitu kama kwikwi.

"Mwanangu. Naogopa."

Binti akageuka. Hakuwahi kumsikia mama yake hivyo. "Unaogopa nini, mama?"

"Nakuogopea wewe. Njoo unishike, miguu imeniisha nguvu."

Ilikuwa imemwisha kweli, anakwenda chini. Binti akashuka ukutani kumdaka, wakaanguka pamoja kwenye sakafu ya saruji, na mama akamkumbatia kwa mikono yote miwili kiasi cha kumuumiza. Hapo ndipo mtoto akalia, kilio alichokiweka tangu juzi. Mama naye akalia. Kutoka kwenye simu iliyoanguka kando yao, dada wa zamu alikuwa anauliza kama amempata, na Bi Sauti akamwambia ninaye, ninaye, ninaye.

King'ora kilipofika chini ya jengo, simu ya binti ikatetema mfukoni mwa mama. Wakasoma pamoja.

"Mama umempata? Jibu haraka. Mkutano wa wazazi umepiga kura, baba yuko getini kwetu anakuja kuchukua simu. Mwambie Chiriku anisamehe, leo ilikuwa zamu yake ya kukaa na mimi, leo niliyezidiwa ni mimi."

Bi Sauti akaandika asimpe, amwambie baba yake kila kitu, amwombe kwanza azungumze na yeye Bi Sauti. Ujumbe haukufika. Akaandika tena. Haukufika.

"Huyu ni mtoto wa nani?" akamuuliza binti. "Nyumba gani? Jina lake nani?"

"Sijui, mama. Hatujawahi kuulizana majina."

Akamshika binti mkono, hakumwachia, wakashuka ngazi zote nne. Wahudumu wa gari walitaka kumpima mtoto kwanza. Akawaambia mpimeni tukiwa njiani, geuzeni, twendeni shuleni nikawazuie wazazi wasichukue simu, na washeni king'ora. Lakini walipoingia uwanjani ukumbi ulikuwa mtupu, mfagizi anapanga viti, na barabarani pande zote wazazi walikuwa wanatembea haraka kwenda majumbani kwao.